Usiandike Usichokisikia

4 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wewe na mkaza mjomba hamjambo. Mimi ni mzima. Bado nipo pale pale kwenye duka la miwani, chumba cha nyuma, nasaga lenzi kutwa nzima, na jioni nikipiga chafya natoa vumbi la kutosha kupaka ukuta.

Najua utashangaa kupata barua. Nimepiga simu nikachoka. Ama haipokelewi, ama anapokea mkaza mjomba, naye ananiambia umelala, uko bafuni, umetoka kidogo. Mjomba, mtu gani huyo anayeoga kila anapopigiwa simu? Basi nikasema mlango ukifungwa nitapita dirishani.

Nimejiandikisha kufanya mtihani wa leseni ya redio ya ridhaa, kama uliyonayo wewe. Usicheke. Mambo ya umeme nayaweza. Kinachoninyima usingizi ni Morse. Watatupigia maandishi kwa mluzi, maneno kumi na mawili kwa dakika, nasi tuandike tunachosikia. Ukikosa herufi chache umepita, ukikosa nyingi unarudi kwenu. Mtihani ni Juni.

Sababu nitakuambia bila kuzunguka. Nilipokuwa mdogo nikija kwenu nilikuwa nalala kwenye kochi, nikisikia redio yako ikilia chumba cha pili. Ulikuwa ukiongea na watu wa mbali ambao hukuwahi kuwaona, na uso wako ulikuwa laini kuliko ulivyokuwa ukiongea na sisi. Sasa mama hayupo, na katika ndugu zake umebaki wewe tu. Siku ya mazishi nilikuuliza kitu pale kaburini, ukanyamaza, ukageuka ukaondoka. Iliniuma, na bado inaniuma. Nikawaza kwamba nikiijua lugha yako ile, labda utanijibu.

Nimeshanunua chati ya nukta na vistari, nimeibandika juu ya mashine. Nusu nimeikariri. Nisaidie.

Mpwa wako,
Kengele (kama unalikumbuka jina ulilonipa)


15 Februari

Kengele,

Marahaba. Nitalisahauje? Ulizaliwa ukilia mpaka watu wa mtaa wa pili wakaja kuuliza nani kafa.

Kwanza, hiyo chati ichome. Leo hii. Morse haina macho. Anayejifunza kwa kutazama akisikia herufi huanza kuhesabu nukta, kisha hukimbilia chati iliyomo kichwani, na kabla hajaiona herufi yake, tatu nyingine zimeshampita. Hatafika popote huyo. K si kistari, nukta, kistari. K ni daa-di-daa. Iimbe ukiosha vyombo, iimbe bafuni, mpaka ukiisikia mkono uandike wenyewe.

Pili, andika nyuma ya sauti. Mkono unaandika herufi iliyopita, sikio limeshashika inayofuata. Ukitaka viende pamoja utajikwaa.

Tatu, na hili ndilo lililowamaliza wengi: usibahatishe. Ukikosa herufi, acha nafasi, songa mbele. Ubongo ni mbea. Ukishapata nusu ya sentensi, wenyewe unakumalizia nusu iliyobaki, na unakuapia kwamba umeisikia. Katika miaka yangu yote ya kushika redio melini nimeona watu wazima wakiandika taarifa ambazo hakuna aliyezituma. Usiandike usichokisikia.

Na kuna jambo la heshima. Watu wa redio hutumiana kadi. Wewe unajaza kwamba ulinisikia, mimi najaza kwamba nilikusikia, kila mmoja anatia saini yake. Nilikuwa na mwenzangu tukimwita Mkasi, tumekula naye sahani moja miaka na miaka. Siku moja aliniomba nimsainie kadi ya mawasiliano ambayo sikuyasikia. Akasema, "Ni karatasi tu, bwana wee." Nikakataa. Hatukusalimiana tena mpaka leo, na sijutii. Ukisaini hiyo moja, nani ataziamini zile nyingine?

Simu siipendi, usinipigie. Simu inawafanya watu waropoke. Andika, tena kwa herufi kubwa, miwani yangu imechoka. Ya makaburini tuyaache huko huko.

Nakutumia kanda ya mazoezi niliyoipiga kwa mkono wangu. Ukiisikiliza mara moja ukasema umeelewa, nitajua umetoka kwa baba yako. Kwetu sisi hatuna wavivu.

Mjomba


9 Machi

Mjomba wangu mkali,

Shikamoo. Chati nimeichoma uani. Jirani aliniuliza nachoma barua za nani.

Sasa naimba kutwa. Bosi wangu, daktari wa macho, kaja mara mbili nyuma kuangalia kama mashine inalia vibaya, kumbe ni mimi. Herufi zote nimezishika, ila kasi bado. Mkono wako kwenye kanda ni mzuri mno, Mjomba. Ningeutambua hata ukichanganywa na ya watu mia.

Nikuchekeshe kidogo. Juzi alikuja dereva wa lori, mtu mzima na heshima zake, kupimwa macho ili leseni yake isifutwe. Akasimama mbele ya ubao wa herufi akausoma wote mpaka ule mstari wa chini ambao hata mimi unanitoa machozi. Bosi akafurahi. Lakini nilimwona yule dereva hakunji uso, hasogezi kichwa, anasoma kama anayesali. Nikageuza ubao, upande wa pili una herufi nyingine. Akazisoma zile zile za kwanza. Alikuwa amezikariri. Akavaa kofia yake akatoka, na mlangoni akapapasa ukuta. Nilikuwa nataka kucheka, nikashindwa.

Nakutumia na mimi kanda, nimekurushia ukurasa mzima. Sikiliza mkono wangu unisahihishe bila huruma. Mwisho wa kanda nimesema maneno machache kwa mdomo. Ni lile swali nililokuuliza siku ya mazishi. Kuandika nashindwa, na simu umenikataza. Hilo nalo naomba unijibu.

Kengele


30 Machi

Kengele,

Kanda yako nimeisikiliza yote. Umekwenda vizuri sana. Mkono umetulia, nafasi kati ya herufi na herufi zinaridhisha, na herufi Q, ambayo huwasumbua wanafunzi, wewe umeinyoosha sawasawa. Endelea hivyo hivyo. Sina la kuongeza.

Mkaza mjomba anakusalimu. Hapa mvua zimeanza, antena imeyumba, nimepanda juu ya paa kuifunga na nimepigiwa kelele mpaka nikashuka.

Mjomba


11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Sina la kukuficha, nimekasirika. Nilikutumia ukurasa niliounakili kutoka kwenye gazeti, tena wa Kiswahili. Kiswahili chenyewe hakina Q. Sikuirusha hata moja.

Kwa hiyo kanda hukuisikiliza. Uliiweka mezani, ikapita siku, ukaniandikia sifa za kunifukuzia. Wewe, uliyevunja urafiki na Mkasi kwa ajili ya kadi moja! Na swali langu hukuligusa kabisa. Mara ya kwanza nilijiambia ni uchungu wa msiba. Mara hii nitajiambia nini?

Kama hunitaki niambie hunitaki. Nimezoea kufanya mambo peke yangu.

Kengele


24 Aprili

Kengele,

Hasira yako nimeipata. Ni ya mama yako hiyo, hata mwandiko umefanana.

Nilichanganya kanda yako na ya mtu mwingine. Mzee anachoka. Halafu kuna mluzi umehamia kichwani mwangu tangu mwaka juzi, analia asubuhi na jioni, kodi halipi na hataki kuhama. Wakati mwingine namsikiliza yeye nasahau walio hai.

Usiseme sikutaki. Sijawahi kusema neno hilo na wewe usiniwekee mdomoni. Soma, upite, upate leseni, unitafute hewani. Mengine yote tutayasema huko. Kwenye kanda na kwenye karatasi mimi si mtu wa maana. Hewani ndiko niliko.

Na usiache kuimba.

Mjomba


20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimefeli.

Tulikuwa saba kwenye chumba chenye meza za watoto wa shule, magoti yakigonga juu. Msimamizi akafungua spika, mluzi ukaanza, na nakuapia nilikuwa nao. Mkono ulikuwa nyuma ya sauti kama ulivyonifundisha. Nikasikia MELI IMEFIKA, nikasikia BILA, kisha nje pikipiki ikapiga honi na nikapoteza herufi. Nikaandika MATATIZO. Sikuhisi hata kwamba nabahatisha. Nilikuwa nimeisikia, Mjomba, naweza kukulia kiapo. Na kwa kuwa niliandika neno refu, nikaanguka nyuma, na sentensi mbili nzima zikanipita nikiwa nahangaika na MATATIZO yangu.

Ilikuwa MZIGO. Meli imefika bila mzigo.

Msimamizi ni mzee mpole, mwalimu wa fizikia. Akasema, "Binti, sikio lako zuri, ila una haraka ya kufarijika." Sijui alimaanisha nini. Mtihani mwingine ni Novemba, na sijui kama nina nguvu hiyo.

Nimerudi kazini siku hiyo hiyo, nimevunja lenzi mbili.

Kengele


2 Julai

Mwanangu Kengele,

Hii ni mimi, mkaza mjomba wako. Mjomba wako hajui kwamba nakuandikia, na nakuomba asijue. Nimeisoma barua yako ya kufeli aliyoiacha mezani, nikaona nikiendelea kunyamaza nitakuwa mchawi.

Mjomba wako hasikii. Sikio la kushoto lilikufa kabla ya mama yako. La kulia linakwenda, na daktari amesema mwaka hautaisha nalo. Dawa hamna. Yeye alipoambiwa alicheka, akasema sikio la kufa halisikii dawa, tukatoka.

Ndiyo maana hapokei simu. Mwezi uliopita aliing'oa kabisa ukutani akampa fundi. Mimi ndiye niliyekuwa nakudanganya eti anaoga. Kaburini ulisimama upande wake wa kushoto, mwanangu. Hakukusikia. Alikuona midomo ikitembea, akaogopa kukuuliza umesema nini mbele ya watu, akaondoka. Usiku ule alinisumbua, "Yule mtoto aliniambia nini?" Na mimi sikuwa karibu yenu.

Kanda yako aliisikiliza, usimwonee. Aliweka vidole juu ya spika, akafumba macho, akawa anahisi mtikisiko. Alipata kidogo kidogo, mengine akajazia. Morse yako ilipokwisha akatoa vidole, kwake kanda ilikuwa imekwisha. Mimi nilikuwa nimesimama na ufagio, nikaisikia sauti yako ikiuliza, "Mjomba, sasa nimebaki na nani?" Nikashindwa kumwambia, maana kumwambia ni kumwambia kwamba mimi nimesikia na yeye hakusikia.

Hataki ujue. Anasema wewe ni mtu wa mwisho duniani anayemwona bado fundi. Kila asubuhi anakaa kwenye redio, hedifoni masikioni, sauti ameifungua mpaka mwisho. Anasema, "Nimsikie yule tu hewani, halafu naifunga." Ana haraka, Kengele. Jikaze mwanangu.

Mkaza mjomba wako


10 Julai

Mkaza mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimelia mpaka bosi akanirudisha nyumbani.

Yule dereva nilimtambua kwa dakika moja, mtu nisiyemjua. Mjomba wangu mwenyewe aliniandikia Q, nikamtukana. Nina aibu ambayo siwezi kuieleza.

Siri yako nimeizika. Novemba nitapita, hata kwa kutambaa. Nakuomba kitu kimoja: mdodose, kwa ujanja wako, ni mluzi wa namna gani anaoupata vizuri zaidi, mwembamba au mzito. Nitaufuata huo huo.

Kengele


3 Agosti

Kengele,

Naona umenyamaza, na mkaza mjomba wako ghafla kawa mtaalamu wa redio, ananiuliza habari za sauti nyembamba na nzito. Kama umemtuma, mwambie asijifanye anapiga soga akiwa ameshika kalamu.

Nzito. Wazee wote hupenda nzito, inatulia kichwani. Kwa mtihani wako haijalishi.

Kufeli si kitu. Nilifeli mara mbili, sikukuambia kwa sababu hukuuliza. Huyo mwalimu wako wa fizikia ana akili. Wakati wa kupokea usitamani chochote. Ukianza kutamani meli ifike salama, umekwisha.

Mjomba


22 Novemba

Mjomba, Mjomba, Mjomba!

Shikamoo! Nimepita. Nilikosa herufi mbili tu, na zote mbili niliacha nafasi tupu, sikubahatisha. Msimamizi alipoona zile nafasi alitabasamu.

Leseni itatoka kabla ya mwaka mpya. Redio yangu mwenyewe sina, lakini mwalimu huyo huyo ananiazima yake, na ameniruhusu kufunga antena kwenye paa la duka. Bosi kakubali kwa sharti nisitoboe bati.

Tukutane Jumapili ya pili ya Januari, saa nne asubuhi, kwenye masafa yale yale uliyozoea. Nitakuita mimi kwanza. Nitakwenda polepole, kwa sauti nzito. Nina jambo moja la kukuuliza, na safari hii nitalirudia mpaka ulipate.

Kengele, mwenye leseni


8 Desemba

Kengele,

Mama yako angepika, angekula, angecheza peke yake.

Jumapili ya pili, saa nne. Nitakuwepo. Nimeshapangusa redio na nimebadilisha waya wa antena. Mkaza mjomba kaambiwa siku hiyo asiwashe hata jiko, japo najua halihusiani.

Ita mara tatu, kisha subiri. Usifanye haraka, mimi sina pa kwenda. Kadi yangu nimeshaiandaa, imebaki kujaza. Jina lako litakuwa la mwisho kwenye kisanduku changu cha kadi, kimejaa, na sinunui kingine.

Mjomba


Jumapili, 12 Januari

Mkaza mjomba wangu,

Shikamoo. Nakuandikia wewe kwa sababu yeye siwezi. Umwambie kwa namna unayoijua wewe.

Umeme umekatika. Nilifika dukani mapema, nikafunga kila kitu, nikajaribu kupokea, nikasikia watu wa mbali kabisa wakiitana. Nusu saa kabla ya miadi taa zikazimika mtaa mzima. Nilikimbia kutafuta betri, gereji zote zimefungwa, ni Jumapili. Nikarudi nikakaa na mkono juu ya kibonyezo cha redio iliyokufa, nikaangalia saa ya ukutani mpaka ikapita saa nne, ikapita saa tano. Umeme umerudi sasa hivi, jua linazama. Nimemwita na kumwita. Kimya.

Sikurusha kitu, mkaza mjomba. Hata nukta moja. Najua alikaa pale akinisubiri, na najua amejiambia nini: kwamba niliita na yeye hakunisikia. Mwambie si masikio yake. Mwambie ni umeme. Turudie Jumapili yoyote anayotaka, nitalala dukani na betri kichwani.

Simu kwenu hamna na barua inachukua wiki nzima. Sijui nitaimalizaje wiki hii.

Kengele


12 Januari

Mpwa wangu Kengele,

Kadi iko ndani ya bahasha hii. Itazame vizuri, kisha uendelee kusoma.

Nimekupata! Nilikaa tangu asubuhi. Saa nne ilipogonga palikuwa kimya, nikajiambia mzee, yamekwisha. Kisha ukaja. Kwa mbali sana, mzito, mpole, kama ulivyoahidi. Uliita mara tatu. Mkono wako ningeutambua popote. Ile K yako ina mkia mrefu kidogo, usiirekebishe, ndiyo sura yako hewani.

Nimeandika nyuma ya sauti, herufi kwa herufi. Sikubahatisha hata moja, na palipopotea niliacha nafasi. Hivi ndivyo nilivyopokea:

MJOMBA MIMI KENGELE. NAKUSIKIA. USIO...E. MAMA ANAKUSAL..U.

Swali lako nadhani lilikuja mwisho na mawimbi yakalimeza. Lakini nami nina la kukuambia, nililipiga hapo hapo. Siku ya mazishi uliniuliza kitu na sikukijibu. Nimefikiri mwaka mzima ni nini mtoto anaweza kumuuliza mjomba wake kwenye kaburi la mama yake, na nimeona jibu ni moja tu, swali liwe lolote. Nikakurushia: NIPO KENGELE NIPO. Nililirudia mpaka mkono ukauma. Natumaini ulilipata.

Sasa nakuambia, maana hainiumi tena. Masikio yangu yamekwisha. Yamekaa mpaka leo kwa ajili yako, naona yalijua. Hedifoni nimezitundika, redio nimeifunika kitambaa. Wewe ndiye wa mwisho niliyemsikia duniani, na sikutaka mwingine.

Nitumie kadi yako. Nimeacha nafasi kisandukuni.

Mjomba wako


21 Januari

Mwanangu,

Barua yako ya umeme imefika jana. Nimeisoma mara tatu, kisha nimeificha chini ya debe la unga, mahali asipogusa.

Nikuambie nilichokiona. Nilikuwa mlangoni. Sauti aliifungua mpaka mwisho, ilikuwa inavuja kwenye hedifoni nikaisikia vizuri, maana mimi masikio ninayo. Ilikuwa inachakarisha tu, kama mchele unapepetwa. Hapakuwa na mluzi wowote. Halafu nikamwona anainua kidole, anachukua kalamu, anaandika. Machozi yanamtoka na anaandika. Nikasema labda mimi sijui mambo yao, labda iko ndani ndani ambako mtu wa jikoni hasikii. Sasa barua yako imeniambia.

Ni yule mluzi wake wa kichwani, Kengele. Yule asiyelipa kodi. Ndiye aliyezungumza naye.

Tangu siku ile hasikii chochote. Juzi sufuria imeanguka nyuma yake, hakugeuka. Lakini anacheka. Anakula. Anawasimulia wageni kwa mikono habari zako, na kila asubuhi anamngoja mleta barua kwa ajili ya kadi. Nilijaribu kumwandikia kwenye karatasi ukweli. Nimeandika neno "umeme", nikaichana.

Siwezi, mwanangu. Huyu ni mtu ambaye Mkasi alimpigia magoti akamkatalia, na mimi ndiye niliyekuwa nabeba chai. Ukimwambia ukweli, umemwambia kama yeye alivyokufundisha. Usipomwambia, mimi sitasema. Chochote utakachokiweka kwenye bahasha, nitampelekea mkononi bila kukifungua.

Mkaza mjomba wako


2 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Kadi hii imenikalia mezani siku nyingi, kwa sababu ni ya kwanza na niliogopa kuichafua.

Nilikuwa nimeshakuandikia barua nyingine, ndefu, nikaipeleka posta, nikasimama nayo kwenye foleni mpaka nikafika dirishani. Karani akanyoosha mkono. Nikamwambia nimesahau stempu nyumbani, nikaondoka. Ilikuwa haina maana barua ile.

Yule dereva wa lori, unamkumbuka? Amerudi wiki hii. Hakuja kupimwa. Alikuja na mjukuu wake kumtengenezea miwani, na mtoto alipoulizwa fremu inamkaaje, babu akajibu kwa niaba yake, "Imempendeza sana." Alikuwa ametazama mlangoni. Hakuna aliyemsahihisha, hata mimi.

Kadi iko hapa. Nimejaza tarehe, nimejaza saa, na pale panapoulizwa ulinisikiaje, nimeandika kwamba nilikusikia vizuri kabisa. Nimesaini kwa jina langu lote. Ulichopokea kutoka kwangu ni sahihi, Mjomba. Palipobaki wazi palikuwa USIOGOPE na ANAKUSALIMU, unaweza kujaza sasa, nimekuthibitishia mwenyewe. Hukukosea hata herufi moja.

Na jibu lako nililipata. Lilikuja mwisho, ukilirudia na kulirudia. Nilikaa nikalisikiliza mpaka ukaacha.

Redio ya mwalimu nimemrudishia.

Mpwa wako,
Kengele